Tulikutana nao Kericho, tukafuatana hadi Kisumu: je, tulicheza na maisha yetu?

Swali:

"Mwalimu, naishi Nakuru, Section 58. Mwezi uliopita, Ijumaa usiku, mimi na binamu zangu wawili tulikuwa tunatazama televisheni, mmoja akasema hajawahi kuliona Ziwa Victoria. Asubuhi tukaamka saa kumi na moja, na saa moja tulikuwa barabarani na kigari changu cha Vitz. Hatukuwa tumeweka nafasi popote wala kumwambia mtu. Kericho tulisimama kunywa chai, hoteli imejaa, tukakaa meza moja na watu wanne waliotoka Thika na Subaru. Nao hawakuwa na mpango. Tukafuatana. Ahero tulipata pancha, na dada mmoja wa kikundi chao ndiye aliyetusaidia kubadilisha gurudumu. Tukala samaki pamoja Dunga, ufuoni Kisumu, tukacheka hadi machozi. Jioni mwenzao mmoja, ambaye alikuwa ameshakunywa, akatusihi tulale Kisumu twende disko. Tulipokataa akatuita watoto wa mama. Tukaondoka saa moja usiku. Tukikaribia Mau Summit nilistuka nikajikuta nimeingia upande wa pili wa barabara. Namshukuru Mungu hakukuwa na gari. Sasa wanataka tukutane tena wikendi ndefu ijayo: Kakamega, kisha Mbita. Wawili wao watakuja kwa matatu hadi Nakuru, wapande gari langu na kuchangia mafuta. Mama aliposikia alisema njiani watu huokota vitu, hawaokoti watu. Je, tulikosea? Nitajuaje kama hawa ni watu wazuri?"

Jibu:

Dada, barua yako ina maneno mengi kuhusu watu na sentensi moja tu kuhusu usingizi. Niruhusu nianze na hiyo moja. Nitafika kwa wenzako wa Thika, kwa mama, na kwa hela ya mafuta.

Unauliza kama mlikosea kufuatana na watu msiowajua. Nakuelewa, na mama yako namwelewa zaidi. Lakini pale ulipokaribia kufa siku ile hapakuwa na mgeni hata mmoja garini. Mlikuwa watatu wa ukoo mmoja, mmeshawaaga wale wengine, mnarudi nyumbani. Katika kazi yangu ya kufundisha udereva hapa Nakuru naona wazazi wakihoji sana mtoto anakwenda na nani, lakini saa ya kurudi haiulizwi na mtu. Kuondoka ghafla hakuna ubaya. Ubaya wa safari ya ghafla ni kwamba haina saa. Mnachelewa kidogo kutoka, chai inanyooka, pancha inakula saa nzima, samaki anachukua muda kukaangwa, na deni lote la siku linakuja kulipwa usiku, na anayelilipa ni dereva peke yake.

Tuihesabu siku yako. Uliamka saa kumi na moja alfajiri. Kama saa tatu na nusu usiku ulikuwa unakaribia Mau Summit. Hizo ni karibu saa 17 ukiwa macho, tena baada ya usiku ambao nina hakika hukulala mapema. Watafiti walishapima jambo hili: mtu aliyekaa macho saa 17 huendesha gari karibu sawa na mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Ulimkataa yule kaka aliyekunywa, ukafanya vyema, kisha ukashika usukani ukiwa na ubongo ambao haukuwa mbali sana na wake. Sikulaumu. Nakuonyesha tu kwamba mwili haujali kama kilichokulewesha ni bia au ni urefu wa siku.

Kinachotokea ni hiki. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyovuta. Kahawa haiiondoi. Huiziba njia kwa muda, na ikiisha nguvu, ule usingizi uliokuwa umezuiwa unarudi wote. Ukilazimisha kuendelea, ubongo huanza kujikatia vipande vya usingizi vya sekunde chache, macho yakiwa pengine bado wazi. Hutajua umelala, utajua umestuka. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde nne ni karibu mita 90 za barabara ambazo hakuna mtu aliyeziendesha. Ndizo zilizokupeleka upande wa pili.

Najua mlifanya nini baada ya hapo, kwa sababu kila mtu hufanya hivyo: mkafungua madirisha, mkaongeza muziki, binamu akakuambia hadithi, labda mkatafuna jojo. Baridi ya Mau Summit usiku inachoma, na kwa dakika chache mtu hujiona yuko macho kabisa. Hayo yote yanakuchangamsha tu, hayapunguzi adenosini hata chembe. Dawa ni kulala. Ingia kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi, funga milango, kunywa kahawa yako haraka, kisha laza kiti ulale dakika 15 hadi 20. Kahawa inachukua karibu nusu saa kuanza kazi, hivyo utaamka nayo ikiwa imefika. Hapo utapata nafasi ya kufika mji wa karibu ulale vizuri. Usiihesabu kama tiketi ya saa nne nyingine za usukani.

Wengi huniambia usiku ni bora kwa sababu barabara ni tupu. Barabara ya Nakuru kwenda magharibi haiwi tupu usiku. Magari madogo hupungua, matrela na matanka yanayoelekea Malaba na Busia yanabaki. Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa safari ya ghafla halioni kwa sababu hajaitazama ramani kwa jicho la dereva. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Ahero na Awasi unapanda, unapita Kapsoit, Kericho na Londiani, hadi Mau Summit, ambayo imezidi mita 2,400. Kutoka hapo unateremka Sachangwan na Salgaa hadi Nakuru, karibu mita 1,850. Maana yake, unapotoka Kisumu jioni, uchovu wako unakomaa pale pale barabara inapoanza kuteremka vibaya. Ulipostuka wewe, mteremko wenyewe ulikuwa bado haujaanza.

Mteremko ule una historia unayoijua. Tarehe 31 Januari 2009 tanka la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaua zaidi ya 100. Mwisho wa 2017 ajali za eneo hilo hilo ziliua watu wengi hadi ukuta wa zege ukawekwa katikati ya barabara. Ukuta umesaidia kwa kugongana uso kwa uso. Hauwezi kushika lori linalokujia kwa nyuma halina breki.

Na kwa nini lori likose breki pale? Mara nyingi ni kwa sababu dereva ameweka nyutro, yaani ametoa gia, akidhani anaokoa mafuta. Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Ukiwa ndani ya gia, injini yenyewe inakushikilia na breki inasaidia tu. Ukiweka nyutro, kazi yote inaenda kwenye breki, zinapata joto kupita kiasi, na pedali unayoikanyaga inabaki pedali tu. Simama Salgaa jioni ya mvua utazame matrela yaliyoegeshwa: matone yanatoa mvuke yakigusa rimu, na harufu ya breki iliyoungua inakukaa kooni. Lori lililo nyutro halingurumi. Linalopita ni mlio wa matairi peke yake. Ukiliona kwenye kioo limekuja bila sauti ya injini, lipishe mapema.

Akiba yenyewe ni ya uongo, hata kwa Vitz yako. Gari la injekta likiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata mafuta kabisa. Ukiweka nyutro, injini inahitaji mafuta ili isizime. Kwa hiyo nyutro inakula zaidi na inakunyima breki ya injini. Gari lako likiwa la otomatiki, kutoka Mau Summit zima kile kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya juu ya mwendo), au kama lina S au B, tumia hiyo. Injini itapiga kelele kidogo. Iache ipige.

Saa ya kutembea, basi. Magharibi panataka asubuhi. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu, hukutana na ule wa mashariki juu ya milima ya Kericho na Nandi, hewa yenye unyevu hupanda, na kuanzia alasiri mnapata mvua ya radi, mara nyingi ya mawe. Wenyeji wa Kericho hawaulizi kama itanyesha, wanauliza kama umeshaanua nguo. Jua nalo, kwa kuwa tuko kwenye ikweta, huzama Kisumu kati ya saa kumi na mbili na nusu na karibu saa moja mwaka mzima, na giza halisubiri. Ukitaka kurudi Nakuru siku hiyo hiyo, ondoka Kisumu saa nane mchana ukiwa hujashiba sana, maana kati ya saa nane na saa kumi mwili nao huwa na usingizi wake. Ikipita saa tisa, tafuta chumba. Hii ndiyo amri pekee ninayompa msafiri wa ghafla: njia, chakula, hata mji mnaweza kuamua mkiwa garini, lakini saa ya kuzima injini iamueni nyumbani, kabla hamjakutana na mtu yeyote wa kuwachekesha.

Sasa tuje kwa watu, na kwanza kule kufuatana. Mlijiona salama kwa kuwa mlikuwa magari mawili. Mimi sipendi kufuatana, hasa na mtu uliyekutana naye saa moja iliyopita. Dereva wa nyuma huacha kuitazama barabara akaanza kuitazama taa ya mwenzake. Wa mbele anaovateki trela akiwa na nafasi, wa nyuma anamfuata kwa sababu anaogopa kuachwa, nafasi ikiwa imeshaisha. Subaru ina nguvu ambazo kigari chako hakina. Ukiwa na watu watano na mizigo, kupita trela kwenye kilima kutakuchukua mita nyingi kuliko unavyodhani. Mkubaliane mahali pa kukutana na saa, kila mtu aendeshe kwa akili yake. "Tutaonana Kericho saa nne" inatosha.

Na mkutane ndani, siyo kando ya lami. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori lilipoteza mwelekeo likavamia magari, bodaboda na wachuuzi waliokuwa pembeni, na waliokufa walizidi 50. Watu wale hawakufanya kosa lolote. Walikuwa wanauza na kununua. Lakini wewe mwenye hiari ya kuchagua, nunua karoti zako na viazi mahali ambapo gari linaweza kutoka kabisa barabarani. Hoteli yenye geti au kituo cha mafuta ndipo pa kusubiri wenzako.

Nitajuaje kama ni watu wazuri? Hutajua, dada, angalau siyo kwa uso. Njiani watu hufunguka haraka kwa sababu hakuna anayewajua. Unaketi na mtu Kericho, anakueleza ya ndoa yake kabla chai haijapoa, mambo ambayo jirani yake wa miaka kumi hajawahi kuyasikia. Utamu wa safari uko hapo, na siwezi kukuambia uukimbie. Marafiki wengine wa kweli hupatikana hivyo. Lakini kufunguka haraka hakumaanishi kwamba mmejuana. Mmeshirikiana siku moja nzuri, na siku nzuri haijaribu tabia ya mtu.

Kwa bahati siku yenu ilikuwa na majaribio mawili, nawe umeyaandika mwenyewe bila kuyapa uzito. La kwanza ni Ahero. Dada yule alipiga magoti kwenye vumbi akafungua nati za gurudumu la gari lisilo lake. La pili ni jioni, mliposema hapana. Yule kaka hakukubali hapana yenu. Alisihi, kisha akakejeli. Sisemi ni mhalifu. Pengine ni bia tu. Ila mtu anayekudhihaki kwa kukataa kwenda disko ndiye atakayekudhihaki ukikataa kuendesha usiku, ukikataa kumpa ufunguo, ukikataa chumba cha pamoja. Kikundi si mtu mmoja. Wewe unaniuliza kuhusu "hawa" kana kwamba ni kifurushi, na mimi naona angalau watu wawili tofauti kabisa, na wengine wawili ambao hujanieleza lolote.

Kwa hiyo, unapokutana na watu wa njiani, toa hapana ndogo mapema, wakati haigharimu kitu. "Nyinyi tangulieni, sisi tutakaa kidogo." "Hapana, picha hiyo usiiweke mtandaoni." Kisha tazama. Aliye sawa atasema haya, akaendelea na chai yake. Anayetaka sababu, anayenuna, anayekuita mwoga, huyo mwachie urafiki wa mezani usiotoka hapo hotelini. Wewe pia ukiambiwa hapana na wao, jitazame unavyoipokea.

Mambo ya kawaida unayajua, nitayapitia haraka. Kinywaji chako usikiache mezani ukaenda msalani, mambo ya kuwekewa mchele, yaani dawa ya kulevya, hayajaisha. Usipande gari la aliyekunywa hata kama ni umbali wa kutoka Dunga hadi mjini. Chumba kilipie mwenyewe, ufunguo ukae kwako. Namba ya chumba haitangazwi kwenye kikundi cha simu. Pesa za dharura ziwe kwenye simu mbili tofauti kati yenu, siyo zote kwako.

Mama naye mpe kitu cha kushika. Kilichomuumiza, nadhani, ni kusikia baadaye, mambo yakiwa yameshapita, zaidi ya kusikia mmekutana na watu. WhatsApp ina namna ya kumwonyesha mtu mahali ulipo kwa saa nane mfululizo. Mtumie ukitoka, umwongezee mkibadilisha njia, na picha ya namba ya gari la wenzenu pia. Wao wakiona unaipiga na kukuuliza ya nini, waambie ni ya mama. Kila mtu ana mama. Mtandao hupotea sehemu nyingine za milimani, kwa hiyo umwambie mapema asishtuke akiona kimya.

Hela ya mafuta ni jambo ambalo watu hulicheka mpaka siku ya ajali. Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida imeandikwa kuwa gari ni la matumizi yako ya nyumbani na starehe, na kwamba kubeba watu kwa malipo hakumo. Na kwa sheria, gari linalobeba abiria wa kulipa linahitaji leseni ya PSV, ya magari ya abiria. Marafiki wakigawana gharama ya safari yao ya pamoja, askari wa barabarani hatakuwa na haja nanyi. Lakini mkipata ajali, mchunguzi wa bima atawauliza abiria swali jepesi: mlilipa? Mtu akijibu "tulituma mia nane kila mmoja kwa M-Pesa", umeshaanza kubishana na kampuni huku watu wako hospitalini. Ndiyo maana nakuambia usipokee pesa ya usafiri kwenye simu. Wanunue chakula, walipe tiketi za msituni. Na hata hayo, chukua karatasi zako za bima umwone ajenti wako ana kwa ana, umweleze safari ilivyo, akuonyeshe kifungu. Muulize pia kama mtu mwingine akishika usukani bima bado inamtambua. Itakuchukua asubuhi moja.

Kuhusu kuwabeba wale wawili, hukuniambia ni wawili wepi. Kama ni dada wa Ahero na mwenzake, ningewabeba, mikanda ya nyuma ikiwa inafanya kazi yote, na upepo wa matairi uongezwe kulingana na kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Kama mmoja ni yule kaka, muache aje na Subaru.

Ratiba yenyewe siipendi. Kakamega na Mbita wikendi moja, mkitoka Nakuru, ni kuijaza siku tena mpaka imwagike usiku. Njia fupi ya kwenda Mbita kutoka upande wa Kisumu ni feri ya Luanda K'Otieno, nayo ina saa zake. Mkiikosa ya mwisho, mnarudi Kisumu kuzunguka Katito, Kendu Bay na Homa Bay, giza likiwakuta njiani. Chagueni moja. Mimi ningechagua Kakamega, na ningeipa usiku mbili. Msitu ule ni kipande cha mwisho hapa Kenya cha misitu ya mvua inayofanana na ile ya Kongo, na haumpi kitu mtu mwenye haraka. Mnalala karibu na Isecheno, mnaamka gizani na mwongozaji, mnapanda kilima cha Lirhanda jua likichomoza, na ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti. Kama mtaingia upande wa Buyangu, ambao uko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, lipieni kabla kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa sababu getini hawapokei pesa taslimu. Mkirudi kupitia Kisumu, jihadharini na mteremko wa kutoka Kiboswa hadi Mamboleo. Mambo ya gia niliyokueleza yanahusu hapo pia.

Jambo moja ambalo watu wa Nakuru husahau: huku magharibi Ijumaa na Jumamosi ni siku za mazishi. Alhamisi na Ijumaa barabara hujaa mabasi yanayosindikiza maiti, mengine yakiwa yamesafiri usiku kucha kutoka Nairobi, madereva wamechoka kuliko wewe, na vyumba vya miji midogo huchukuliwa na jamaa wa marehemu. Wikendi ndefu huzidisha. Safari ya ghafla huku haikosi chakula wala watu wa kuongea nao. Inachokosa ni kitanda saa mbili usiku. Piga simu ya chumba mkiwa Kericho, hata kama hamjaamua lingine lolote.

Kabla ya yote, kuna watu wawili wa kuonana nao. Fundi: mwambie akague breki, na aangalie mafuta ya breki yamekaa muda gani. Mafuta hayo hunyonya unyevu, yakazeeka, yakachemka upesi kwenye mteremko, na pedali ikawa laini kama sponji. Miaka miwili inatosha kuyabadilisha. Gurudumu lililopata pancha Ahero lizibwe, na zile pembetatu mbili za onyo ziwepo. Wa pili ni daktari, ila kwa sharti. Kama siku ile ulikuwa umechoka tu, hakuna haja. Lakini kama huwa unasinzia ukiwa umelala vya kutosha, ukisimama kwenye foleni macho yanafunga, au binamu zako wanasema unakoroma na pumzi inakatika usingizini, nenda ukapimwe kabla ya kushika usukani wa safari ndefu. Huo ni ugonjwa unaotibika, na hakuna kahawa inayouweza. Na ikitokea mtu wa njiani anawafuata au anawatisha, msiende hotelini mlikolipia. Endesheni moja kwa moja hadi kituo cha polisi, hasa kikubwa chenye dawati la jinsia, au mpige 999 au 112 mkiwa kwenye mwanga wa watu.

Wajibu leo kwenye kikundi, kwa maneno kama haya: "Tumefurahi kuwaona tena. Sisi tutakwenda Kakamega pekee, Mbita tuiache. Tukutane Kakamega mjini Jumamosi saa sita mchana, kila gari kwa mwendo wake. Hatuendeshi baada ya saa kumi na mbili jioni. Mafuta ni yetu, chakula cha mchana ni chenu." Kisha weka simu chini uende kwa fundi. Utakaporudi utakuta wameshajibu, na namna kila mmoja alivyojibu itakusaidia kuamua nani apewe kiti cha nyuma.